Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa TRA: Kilomita za gari ziwekwe wazi

Ndugu Kamishna Mkuu,

Mimi ni fundi magari hapa Tabata, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi hawana uwezo wa kuagiza gari Japani. Ni walimu, wauguzi na wenye maduka madogo, wanaonunua gari lililokwishapita mikononi mwa Watanzania wawili watatu: IST za mwanzo, Vitz, Carina, Noah. Mtaani tunayapanga magari hayo kwa herufi za kibao, namba B, namba C, namba D, na bei inafuata herufi. Lakini herufi inakuambia tu gari lilisajiliwa nchini kipindi gani. Limetembea kiasi gani, haisemi.

Hapo ndipo watu wanapoumizwa. Dalali anaapa kwamba gari lilikuwa la mama, kazini na nyumbani tu, ni kuweka mafuta na kuondoka. Mnunuzi anatazama dashibodi, inasoma kilomita 78,000. Akishalipa ndipo analileta kwangu, nami naona raba ya pedeli ya breki imelika hadi chuma, usukani umeng'aa, kiti cha dereva kimebonyea. Kilomita zimerudishwa. Kwenye dashibodi za kidijitali kazi hiyo inafanywa kwa kompyuta na kifaa cha kuchomeka, bila kufungua kitu kikubwa.

Hasara yake haiishii kwenye bei. Matengenezo ya gari yanakwenda kwa kilomita. Injini ya 5A, iliyomo kwenye Carina na Corolla nyingi za zamani, inatumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Dashibodi ikisoma 78,000, nani atakubali kutoa hela ya mkanda mpya? Basi mkanda unakatika kwenye mlima Kitonga, familia nzima ikiwa ndani. Injini inazima palepale, usukani unakuwa mzito na breki ngumu, maana vyote viwili vinasaidiwa na injini. Injini ya 1NZ ya IST inatumia cheni, lakini ikishachoka inaanza kula oili. Mwenye gari anayeamini analo gari bichi hapimi oili mpaka siku ya sevisi, na siku hiyo injini imeshaanza kugonga. Nimewaona watu wazima wakitokwa machozi gereji kwa sababu mkopo wa kununulia gari bado haujaisha na injini imekufa. Lawama anabebeshwa fundi wa mwisho kuligusa.

Ndugu Kamishna Mkuu, taarifa ya kweli ipo, na iliingia nchini pamoja na gari lenyewe. Huko Japani gari dogo la kutembelea hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zake huandikwa. Cheti cha kulitoa gari nchini humo hubeba rekodi hiyo, nacho ni miongoni mwa karatasi zinazofuatana na gari hadi forodhani. Gari likishasajiliwa, karatasi zinabaki kwenye faili. Kadi mnayotupa ina namba ya chasisi, namba ya injini, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Kilomita hazimo.

Wapo wanaosema dawa ni kuyazuia magari ya zamani bandarini. Kenya haipokei yaliyozidi miaka 8, Uganda imeweka mwisho miaka 15. Sisi tumeacha mlango wazi na kutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka, na mimi nauunga mkono uamuzi huo, kwa kuwa mlango ukifungwa mwalimu wa shule ya msingi hatamiliki gari kamwe. Tena umri peke yake haupimi uzima. Gari la miaka 18 lililotunzwa naweza kukukabidhi uende nalo Mwanza. Lipo la miaka 9 ambalo nisingelipandisha mtoto wangu.

Teknolojia si kikwazo. Kikokotoo chenu cha ushuru wa magari kiko wazi kwa kila mtu. Polisi wamemwezesha mwananchi kuingiza namba za gari na kuona faini linazodaiwa. Mamlaka ya bima nayo inaruhusu kuhakiki bima kwa njia hiyo hiyo. Na wala siombi jina la mwenye gari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iheshimiwe. Kilomita na tarehe zilipoandikwa havimtaji mtu.

Naomba, basi, kilomita zilizo kwenye cheti cha kutoka Japani ziingizwe kwenye mfumo siku ya usajili, na mtu yeyote mwenye namba ya chasisi aweze kuziona. Na kila umiliki unapobadilishwa, kilomita za siku hiyo ziandikwe kwenye fomu ya uhamisho na kuongezwa kwenye rekodi. Mkianza na magari yatakayosajiliwa kuanzia Julai 1, mwaka mpya wa fedha, mafundi tutakuwa wa kwanza kuwaambia wateja wetu wasilipe hata shilingi kabla ya kuangalia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi magari, Tabata