Swichi ya Kompyuta ya Ukutani

Umeamua kutundika kompyuta ukutani ili watoto wapate nafasi mezani. Vifaa vya kibao cha mbele usivikimbilie dukani. Mwendee fundi, umwombe kasha la kompyuta iliyokufa: swichi, taa ndogo na nyaya zake vimo humo.

Ila swichi ya taa ya nyumbani haifai. Swichi ya kompyuta hugusanisha nyaya kitambo kidogo, kisha hujirudi. Ikibaki imebanwa kwa takriban sekunde 4, mashine huzimika. Taa ndogo isipowaka, geuza nyaya zake.

Zaidi ya yote, usipitishe umeme wa volti 230 katika kibao hicho. Kumbuka, atakayekibonyeza kila siku ni mwanao.