Tambi zipikwe kwa macho ya rafiki

Nyuma ya pakiti ya tambi huandikwa dakika za kupika: nane, kumi au kumi na mbili. Kijana wa Rubona, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, aliyepanga chumba na kununua sufuria yake ya kwanza huzifuata dakika hizo kwa uaminifu, kisha akakuta tambi bado ngumu katikati. Kosa si lake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 95, wala hayafiki 100. Kwa hiyo tambi hukawia kuiva.

Mpishi anayeanza anahitaji mwalimu anayelijua jiko la hapa, naye mara nyingi ni rafiki yake.

Rafiki huyo haangalii saa. Huchota uzi mmoja wa tambi, akaukata kwa meno na kutazama kama ndani bado kuna kiini cheupe. Anajua kwamba gramu 100 za tambi zinataka lita moja ya maji na chumvi vijiko viwili vidogo, na kwamba dakika mbili za kwanza ndizo za kukoroga bila kuchoka, maana hapo wanga hutoka na tambi hugandana. Mafuta yanayomiminwa kwenye maji hayazuii jambo hilo. Huelea tu juu. Kabla ya kumwaga maji, huweka kikombe kimoja pembeni: wanga uliomo ndio utakaoshikanisha mchuzi wa nyanya, kitunguu na karoti.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu inatosha. Video ina manufaa yake, lakini haioni makaa yanapofifia chini ya sufuria, wala haionji chumvi. Aliyesimama karibu huona na huonja, na husema "bado" kwa wakati wake.

Wapo pia wanaoziona tambi kuwa chakula cha kigeni kisichostahili kufundishwa. Hao watazame sahani ya melanje, yaani mchanganyiko wa vyakula, katika mkahawa wowote wa mji jirani wa Gisenyi, ambapo tambi hukaa pamoja na wali, ndizi na maharage. Wasomali walizipokea kutoka kwa Waitaliano enzi za ukoloni, wakazifanya chakula chao cha kila siku, na hata huzila kwa ndizi mbivu. Zanzibar na Mombasa, tambi za sukari na iliki ni sehemu ya futari na Idi.

Hata sambaza, samaki wadogo walio fahari ya wavuvi wa Rubona, hawakuwamo Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna anayewaita wageni. Samaki hao wakikaangwa hadi wakauke, wakamwagwa juu ya tambi zenye mchuzi wa nyanya na tone la pilipili, ni mlo kamili wenye protini, unaopatikana bila kwenda mbali na ufuo.

Elimu hii isiachwe kwa wasichana peke yao. Vijana wengi wa kiume huondoka nyumbani bila kuwahi kuinjika sufuria, kisha hutumia sehemu kubwa ya kipato chao mikahawani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, majirani tayari wamekusanyika. Vijana wa Rubona wangeweza kuitumia alasiri hiyo kuchangia makaa, pakiti chache za tambi na sambaza wa siku hiyo, anayejua akasimama upande mmoja wa jiko, na asiyejua, awe mvulana au msichana, akapewa mwiko.