Simu Tuliyokamata



Sisi makapita tuko na kazi isiyopendwa na mtu: kukamata simu. Mwezi uliopita tulikamata moja chini ya dawati, darasa la nne. Mwenyewe ni kijana ambaye akipewa disertasioni anaandika mistari sita, halafu analala juu ya karatasi. Kioo kilikuwa kingali kinawaka na, tuseme ukweli, tulisoma. (Haikuwa haki yetu, tunajua.) Ilikuwa hadithi ya mvuvi wa Wagenia aliyevuta mtego wake akakuta ndani kiatu cha baba yake aliyepotea mtoni. Alikuwa anaituma kwa rafiki zake kipande kwa kipande, nao banamuuliza: «Na kisha? Na kisha?» Kwa bic ingejaza kurasa kumi.

Basi huyu njo hajui kuandika?

Sheria tunaiheshimu, na simu tuliipeleka kwa Prefe. Lakini disertasioni inasomwa na mtu mmoja tu, mwenye bic nyekundu. Hadithi ile ilikuwa na watu wanaoingojea. Tofauti iko pale.

Kuna chombo kwenye intaneti kinachoitwa African Storybook. Ni kazi ya shirika la Saide la Afrika ya Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hakilipishwi. Ndani yake kuna picha zilizochorwa tayari: unachagua, unazipanga, unaandika maneno yako mwenyewe, na kitabu kinatoka. Kiswahili kimo, pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika. Anayeogopa karatasi nyeupe anaanza na picha, na picha inamuuliza: huyu mama anakwenda wapi na mzigo huu? Kitabu kikiisha, mtoto wa Nairobi au wa Kampala anaweza kukisoma, hata kukigeuza katika lugha yake.

Watasema mega ni pesa, na umeme wa Kisangani sote tunaujua. Ni kweli. Ndiyo maana hatuombi simu thelathini. Simu moja ya mwalimu inatosha. Tutaandika kwanza kwenye daftari. Wengine watasema mashine za leo, kama ChatGPT, zinamwandikia mtu kila kitu. Hiyo hata sisi wa mwaka wa sita tunaiogopa, juu hakuna mashine itakayoingia nasi kwenye mtihani wa Serikali. Lakini picha haikuandikii hata neno moja.

Na wanaolia kwamba simu inafupisha lugha, wakumbuke wazee Walokele wa Yakusu, hapa chini ya mto. Mmisionari John Carrington alieleza ngoma zao katika kitabu cha mwaka 1949: neno moja halitoshi, mpigaji anaongeza maneno mengine mpaka aliye mbali asikie bila kukosea. Chombo kiliwafundisha kurefusha!

Tunaomba kwa Prefe Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili tu, nyuma ya salongo. Waje kwanza wale wa mistari sita. Hadithi yao ya kwanza tutaipiga kwenye stensili, itoke katika kurasa hizi.

Na wewe kijana wa darasa la nne, kama unasoma hapa: simu yako itabaki kwa Prefe mpaka mwisho wa trimesta. Lakini tuambie, kile kiatu kiliingiaje ndani ya mtego?