Mtoto Naye Akabidhiwe

Katika kazi yetu ya uuguzi ipo desturi moja isiyovunjwa hata siku ambayo mvua inanyesha na watoto wanatungoja nyumbani. Muuguzi wa zamu ya usiku haondoki wodini kabla ya kumkabidhi wagonjwa mwenzake wa asubuhi. Tunapita kitanda kwa kitanda. Huyu ana dripu, huyu alichomwa sindano saa 12, huyu asipewe chakula, huyu usiku alitapika mara mbili. Kisha tunaandika katika kitabu cha ripoti. Anayeondoka bila kufanya hivyo tunasema ameitupa wodi, hata kama usiku kucha alifanya kazi vizuri.

Tumeikumbuka desturi hii kwa sababu ya watoto tunaowapokea hapa Bariadi, na wengine kutoka Itilima, Maswa na Meatu, wakiwa wameletwa na bibi zao. Ukiuliza mama yuko wapi, utajibiwa yuko Dar es Salaam, au Geita kwenye machimbo. Siku hizi tunasikia pia jibu jingine: yuko Muscat.

Kuondoka kwenda kutafuta si jambo geni kwa Wasukuma. Wazee wetu walikwenda kukata mkonge Tanga, na wengine walikwenda Mwadui kwenye almasi tangu mgodi ule ulipoanzishwa mwaka 1940. Lakini zamani zile mara nyingi aliyeondoka alikuwa baba. Mama alibaki, na ziwa lake lilibaki. Sasa anaondoka mama mwenyewe, kwa kuwa kazi wanayotafutiwa akina mama huko Oman na Falme za Kiarabu ni kazi za ndani: kupika, kufua na kulea watoto wa watu wengine.

Akina mama hawa hatuwalaumu. Mwaka ambao mvua imekatika na pamba haikutoa kitu, mwanamke mwenye watoto 3 na deni dukani anafanya hesabu zake, na hesabu zake si za kijinga. Tunachouliza ni hiki: siku ya kuagana, ukoo mzima unakaa kujadili nauli, pasipoti na wakala. Je, nani anauliza habari za mtoto?

Mwaka jana tulipokea mtoto wa mwaka 1 na miezi 4. Alikuwa mweupe viganjani na kwenye ulimi, vidole vya mikono na miguu vimevimba, na tumboni alikuwa na chale mpya za mganga. Bibi yake alisema mtoto huyu tangu mama yake aondoke amekuwa wa kulia usiku. Malaria tuliikuta, ila vile vidole vilitutia shaka. Damu yake ilikuwa imeshuka hata daktari akaagiza aongezewe mara moja. Bibi akakataa kutia dole gumba. Si kwamba hakumpenda mjukuu wake. Alisema, "Mwanangu, huyu mtoto si wangu. Mama yake akirudi nitamwambia nini?"

Mjomba akapiga simu Muscat. Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa 1 tu, kwa hiyo si kwamba mama alikuwa amelala. Simu ilikuwa kwa mwajiri wake. Daktari hakungoja, kwani uhai ulikuwa unaondoka, na mtoto akawekewa damu. Siku ya tatu ndipo ujumbe wa sauti ya mama ulipofika katika simu ya mjomba. Alikuwa akilia. Alisema mtoto ana selimundu, alipimwa Mwanza akiwa na miezi 9, wakapewa kadi na dawa, na kadi ameondoka nayo ndani ya begi. Hakumwambia mtu, aliogopa wakwe watasema ugonjwa umetoka upande wake.

Tuseme hapa waziwazi, maana uongo huu umevunja ndoa nyingi katika mkoa wetu. Mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja. Huipata pale baba na mama wote wawili wanapokuwa na chembe yake ndani ya damu, nao wenyewe mara nyingi hawaugui. Hapa Kanda ya Ziwa ugonjwa huu ni mwingi, na nchi yetu ni mojawapo ya zile zinazozaliwa watoto wengi zaidi wa selimundu duniani. Mtoto wa namna hiyo anahitaji foliki asidi kila siku, penisilini mpaka afikishe miaka 5, maji ya kutosha, chandarua, na kuletwa hospitali haraka akipata homa. Mtoto wetu yule alikaa miezi 5 bila hata kimoja kati ya hivyo, na dawa zilikuwa ndani ya kikopo juu ya kabati.

Basi, bibi alikosa nini? Wodi haikukabidhiwa.

Kuna jambo jingine linalotusumbua. Mkataba wa kazi za ndani huko kwa kawaida ni wa miaka 2. Kwetu watu wazima hiyo ni misimu miwili ya pamba. Kwa mtoto mchanga ni muda wote wa kunyonya, maana tunafundisha kliniki kwamba anyonye bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka afikishe miaka 2. Mwili na akili vinavyodumaa katika muda huo, fedha itakayotumwa baadaye haivirudishi vyote. Kwa maoni yetu mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 asitie sahihi mkataba wowote, na anayeweza kungoja mtoto atimize miaka 2 angoje. Wakala atasema nafasi itapotea. Wakala hatakuwepo siku ya kupima uzito.

Kama mtoto amekwisha kuachishwa, bibi asidhani uji mweupe wa mahindi unatosha. Unajaza tumbo, na uso unavimba kwa unyafuzi huku watu wakisema amenenepa. Uji utiwe karanga zilizosagwa au maziwa yaliyochemshwa. Ugali wake upate dagaa, maharage, yai, mboga za majani. Awe na bakuli lake mwenyewe. Katika sinia moja na wakubwa, mtoto wa mwaka 1 hashindi.

Wengine watasema mambo ya kukabidhiana hayana haja, maana siku hizi kuna simu, mama ataulizwa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti na kufanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, na wengine hata simu walizuiwa. Kwa hiyo kinachotakiwa kujulikana kijulikane kabla ya safari. Kadi ya kliniki ibaki nyumbani. Majibu ya vipimo vyote yabaki, hata yale ya aibu, hata yale ya virusi vya UKIMWI, kwani mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi ana tarehe zake za kupimwa zisizongoja mtu arudi. Aambiwe angalau mtu mmoja anayeweza kutunza siri. Na iandikwe barua mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ikisema kwamba fulani ndiye atakayeamua juu ya matibabu, na fedha ya mtoto itatumwa kwake yeye. Tunasema hivyo kwa sababu tumeona fedha ya mtoto ikiishia kwenye pikipiki ya baba mdogo.

Nasi wauguzi tujitazame. Mara ngapi tumemgombeza bibi kwa kuja bila kadi, mbele ya watu, naye ametembea tangu alfajiri? Siku ile ya vidole vilivyovimba mmoja wetu alisema kwa sauti, "Mama gani huyu anayetupa mtoto?" Bibi alisikia. Afadhali tungewauliza akina mama wenyewe pale kliniki, kabla hawajaondoka, kama wana safari.

Mtoto yule sasa anatembea. Bibi humleta kila tarehe yake, na hubeba daftari la shule ndani ya mfuko wa nailoni, ambamo tumeandika dawa zote na kipimo chake. Yeye hajui kusoma. Anayemsomea ni mjukuu wake mwingine wa darasa la 6, ambaye siku ya kliniki hachelewi kumwamsha. Mama amebakiza miezi 7.