Kobalti Inapita Chapwa, Maarifa Yake Yako Grenoble

Malori yanayovuka mpaka wa Tunduma na kupita Chapwa kuelekea bandari ya Dar es Salaam hubeba shaba na kobalti kutoka Zambia na Kongo. Shaba huonekana: mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma juu ya tela. Kobalti haionekani, maana ni unga uliomo ndani ya magunia makubwa. Unga huo huishia kwenye betri za simu na magari ya umeme, na betri hizo huchoka. Kwa nini huchoka? Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Mjini Grenoble, Ufaransa, kuna sinkrotroni ya ESRF, duara lenye mzingo wa mita 844 ambamo elektroni hukimbizwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Sumaku zinapozipindisha, hutoa eksirei kali sana. Katika kituo kiitwacho ID16A, eksirei hizo hukusanywa mpaka nukta yenye upana wa makumi machache ya nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kipande cha betri huwekwa mbele ya mwali huo wa eksirei, kikazungushwa kidogo kidogo huku kikipigwa picha nyingi, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo la pande tatu. Kwa njia hiyo watafiti wameona chembe za nikeli, manganizi na kobalti zikipasuka kwa ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalilinganisha betri zilizochajiwa mara 10 na mara 50: mwanzoni kila chembe huharibika kwa kadiri ya umbile lake yenyewe, lakini baadaye majirani zake nao huamua hatima yake.

Sehemu kubwa ya kazi ya namna hii hufanywa na vijana waliomaliza uzamivu juzijuzi. ESRF huwapa mkataba wa miezi 18, unaoweza kuongezwa mingine 18. Hao ndio wanaokesha na mwali, kwa kuwa saa za kuutumia hugombewa na mtambo hufanya kazi usiku na mchana.

Kwetu Tanzania ngazi hiyo karibu haipo. Anayerudi na uzamivu hukabidhiwa vipindi, mitihani ya kusahihisha na vikao, na utafiti wake hufia hapo. Naona hasara hii ni kubwa kuliko kukosa mtambo.

Wapo wanaosema tusubiri sinkrotroni ya Afrika, ambayo wanasayansi wamekuwa wakiipigania tangu mkutano wao wa Grenoble wa Novemba 2015. Siafikiani nao. SESAME, sinkrotroni iliyoko Jordan ambayo Misri ni mwanachama wake, ilizinduliwa mwaka 2017, lakini watumiaji wake walianza kufundishwa miaka mingi kabla. Watu walitangulia, mtambo ukafuata.

Tena maswali yetu wenyewe ya kupeleka kwenye mwali yapo. Mkoani Songwe kuna eneo la Ngualla lenye madini adimu, na anayetaka kuyatenganisha na mwamba lazima kwanza ajue yameshikana nao vipi.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na vyuo vikuu vya Mbeya, Arusha na Dar es Salaam: tengeni nafasi za utafiti za miaka miwili kwa waliomaliza uzamivu, zenye mshahara na zisizo na mzigo wa vipindi, na muwalipie nauli pale wanapopata saa za mwali ugenini.