Reli ya Tanga isiachwe ikingoja SGR

KANDO YA RELI
Na Nakiete Mbwambo

Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Sisi wa Upare, tuliozoea kuiona reli imemezwa na vichaka vya miba, tulifurahi na bado tunafurahi. Ila kuna jambo linaninyima raha. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria wa Morogoro na Dodoma mwaka 2024, kila mazungumzo ya reli ni reli ya kisasa, SGR. Ukiuliza habari za reli ya Tanga, unajibiwa kuwa ya kisasa inakuja, itoke Tanga ipite Arusha hadi Musoma. Sawa, ije. Hii tuliyo nayo tunaifanyaje hadi siku hiyo?

Ni reli kongwe kweli. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikasuasua zaidi ya miaka kumi kabla ya kufika Mombo, na Moshi ikafika 1911. Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929. Haikujengwa kwa ajili yetu, ilifuata mashamba ya walowezi. Hata hivyo ilipita penye mali: Hedaru, Makanya, Same, Kisangara, Lembeni.

Simama Makanya jasi inapopakiwa kwenye lori. Vumbi jeupe linawatanda vibarua hadi kwenye kope, na dereva anazunguka gari akikagua matairi, maana mzigo ni mzito na safari ni ndefu. Jasi haiozi wala haina haraka, na mnunuzi wake mkubwa ni kiwanda cha saruji. Pongwe, Tanga, kuna kiwanda cha saruji, na reli inayopita Makanya inakwenda Tanga. Kama huo si mzigo wa treni, basi sijui mzigo wa treni ni upi. Kila tani inayobaki kwenye lori inachimba lami ambayo tutaitengeneza upya kwa kodi zetu.

Kwangu mimi, kuboresha reli kuanzie hapo. Mataruma yaliyochoka yabadilishwe, kokoto mpya zimwagwe. Makaravati yapanuliwe, kwa sababu mvua ikipiga milimani maji hushuka makorongoni kwa kishindo na kula tuta. Kisha stesheni ndogo zipewe sehemu za kupakilia zinazofanya kazi. Kenya wana SGR tangu 2017, lakini mwaka 2020 waliifufua reli yao ya zamani ya Nanyuki. Hawakuona aibu kuwa na zote mbili.

Sisi wa Ziwa Jipe tuko upande wa pili wa milima ya Upare, pamoja na wenzetu wa tangawizi kule Mamba Miamba na wa mpunga wa Ndungu. Hakuna treni itakayovuka Upare kuja kutuchukua, na hatuombi hivyo. Tunaomba barabara za kushukia stesheni zipitike hata masika, na tukifika tukute ratiba inayoheshimiwa. Mkulima akishusha magunia ya tangawizi stesheni akaambiwa behewa halijaja, hatarudi tena. Atampigia simu mwenye Fuso, na nani atamlaumu?

Hata SGR ikija itahitaji reli hii ya zamani. Treni ya kasi haiwezi kusimama Hedaru, Makanya na Lembeni kuokota mzigo kidogo kidogo. Kazi hiyo ni ya reli hii ya upana wa mita moja, ikusanye na kuifikishia kubwa.

Wabunge wetu wa Same na Mwanga wana nafasi ya kuuliza wakati wa bajeti ya Wizara ya Uchukuzi. Waulize kiasi gani kimetengwa kwa matengenezo ya Tanga hadi Arusha, na lini Shirika la Reli Tanzania (TRC) litakaa mezani na wachimbaji wa jasi wa Makanya kukubaliana bei ya kusafirisha tani moja.