Vitabuni binti anapiga magoti, Masisi binti anatembea



Watu wakiongea juu ya Tintin katika Kongo, wanabishana rangi ya ngozi. Ni haki yao. Mkongomani mwenzetu, Bienvenu Mbutu Mondondo, alishitaki kitabu hicho kule Brussels mwaka 2007, na 2012 tribinali ikamkatalia. Hergé mwenyewe alikuwa amebadilisha somo la darasani mwaka 1946: Ubelgiji ikatoka, hesabu ikaingia. Lakini yule mama anayemupigia Tintin magoti, juu bwana yake amepona kwa kinini, akabaki pale pale chini. Nani alimuulizia?

Na Mashimo ya Mfalme Sulemani je? Haggard alikitoa 1885 kwa wavulana, wakubwa na wadogo. Wasichana hakuwataja. Mwaka 1929 kikaingia katika Kiswahili chetu. Ndani yake mlango wa jiwe unashuka, na ni Foulata anayemkamata Gagool asitoroke. Ni yeye anayechomwa kisu. Wanaume watatu wanatoka na almasi. Halafu mwandishi anamfanya binti huyo afurahie kufa, juu mweusi na mzungu hawawezi kuoana! Hiyo inatuuma kuliko magoti.

Bon, tuje kwetu. Januari 2025 vita ilifika Masisi-Centre, Machi ikafika Walikale. Nani alitembea usiku akiwa na mdogo wake mgongoni na bidoni mkononi? Tuliwaona: mabinti wa miaka kumi, kumi na mbili. Vitabu vile vingeita safari hiyo ushujaa, kama angeifanya mvulana mwenye mbwa mweupe. Binti wetu akifika, anatumwa kutafuta kuni, kule kule ambako wanawake wanabakwa. Kaka yake ndiye anaulizwa habari ya njia.

Tunajua, baba wa Nyabiondo au wa Pinga hajasoma Haggard. Na tusijisafishe: hata katika hadithi zetu za jioni, mara nyingi binti anangoja nyumbani na mwindaji ndiye anaenda. Ni ndani ya hadithi hizo baba anahesabu pesa. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sekondari bado inalipwa, na pesa ikitosha mtoto mmoja, jina la mvulana linatoka mdomoni bila mtu kufikiri.

Hatuombi kuchoma vitabu. Vyenyewe ni vichache! Walimu, visomeni na watoto, muwaulize binti yuko wapi na anafanya nini. Wapeni mabinti madaftari waandike njia walizopita, bila kuweka majina, juu bunduki bado ziko karibu. Ninyi munaoleta makatoni ya vitabu kutoka Ulaya, fungueni kwanza muangalie munatuletea nani. Na wewe mzazi mwenye pesa ya mtoto mmoja, kabla ya kutaja jina, muulize kwanza binti yako alifikaje hapa.

Sisi, vijana wa Masisi na Walikale